Msaada Una Hesabu Yake



Tangu mwaka 2025 kuna swali linalozungumzwa hapa Tezo, kwenye vibanda vya chai, kwenye matatu za kwenda Kilifi mjini na hata matangani: wafadhili wamekwenda, sasa itakuwaje? Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nchi za nje. Tarehe 1 Julai mwaka ule ule shirika la USAID likafungwa, na kazi zake zilizosalia zikapelekwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Katika Kenya nzima wahudumu wengi wa afya waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo waliambiwa wakae nyumbani. Hawakuwa na kosa lolote kazini, wala hawakuitwa wajitetee. Sahihi ilitiwa mbali sana na hapa, mishahara ikakatika.

Chama chetu kinaliona jambo hili kuwa la wafanya kazi, wala si la wakubwa wa mashirika peke yao. Kwa hiyo leo twataka kusema juu ya msaada: upi wafaa, upi haufai, na sisi wenye vyama tuna wajibu gani.

Kwanza, tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba msaada ni kitu kibaya, la hasha. Mwenye kusema hivyo katika Kilifi amesahau habari ya vyandarua. Mwaka 1989 kituo cha utafiti wa magonjwa cha KEMRI kilianza kazi kando ya hospitali ya Kilifi, kikisaidiwa na amana ya Wellcome ya Uingereza. Amana hiyo ilitokana na wasia wa Henry Wellcome, mfanyabiashara wa dawa aliyefariki mwaka 1936. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wakafanya jaribio katika vijiji vyetu: vijiji vingine vikapewa vyandarua vilivyotiwa dawa, vingine vikangoja, ili ijulikane kweli kama vyandarua hivyo vyaokoa maisha. Watoto zaidi ya 11,000 wa chini ya miaka mitano walihesabiwa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba vifo vya watoto vilipungua kwa thuluthi moja, na wagonjwa wa malaria kali kwa asilimia 44.

Ndugu, huo ndio msaada wenye hesabu. Watu walitembea nyumba hadi nyumba wakiandika nani amezaliwa, nani ameugua, nani amefariki. Hakuna aliyesimama jukwaani akasema “tumesaidia” kabla ya kuhesabu. Hesabu iliyofanywa hapa kwetu ikasaidia kuishawishi dunia kwamba chandarua chenye dawa ni ngao.

Lakini habari haikuishia hapo, na sehemu ya pili ndiyo yenye fundisho letu. Vyandarua vya siku zile vilitaka kutiwa dawa upya kila baada ya muda, kama vile mtumbwi unavyotaka kutiwa kalafati. Wakati wa jaribio dawa ilitolewa bure. Jaribio lilipokwisha, wananchi wakatakiwa walipe ada ya dawa. Mara idadi ya vyandarua vilivyotiwa dawa ikaanguka vibaya. Vyandarua vilikuwa bado vimening’inia juu ya vitanda, lakini nguvu yake imekwisha. Je, mama wa Kilifi alikuwa hampendi mwanawe? Hasha. Mwenye kupata kibarua leo na kukosa kesho hununua unga kwanza.

Miaka ikapita watu wakibishana: auziwe au apewe? Wengine walisema kitu cha bure hakithaminiwi. Mwaka 2006 serikali ya Kenya ikagawa vyandarua kiasi cha milioni 3.4 bila malipo, vya aina ambayo dawa yake hudumu miaka, na watoto wengi wa maskini wakalala ndani yake kwa mara ya kwanza. Basi ubishi ukamalizwa na hesabu. Lakini twauliza: katika miaka ile ya katikati, sauti ya wazazi ilikuwa wapi? Wataalamu walizungumza, wafadhili walizungumza, mawaziri walizungumza. Wenye watoto hawakuwa na chama cha kuwapeleka mezani wakaseme, “Ada hii hatuiwezi, na sababu ni hii.” Hapo ndipo pengo lilipokuwa.

Sasa tutazame upande mwingine, yaani nani anayeubeba msaada. Dawa haiji nyumbani kwa upepo. Kuna mtu anayetembea kutoka barabara kuu ya Malindi akaingia ndani juani, kwenye minazi na mikorosho, na daftari kwapani. Mara nyingi ni mama wa kijiji, na kwa miaka mingi jina lake lilikuwa “mtu wa kujitolea.” Mfadhili alihesabu gari, mafuta, kompyuta na posho ya mgeni wa semina, jasho la mama huyu halikuwa na mstari katika hesabu. Tarehe 25 Septemba 2023 Rais Ruto alizindua kikosi cha wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini, wakapewa mikoba ya vifaa, na malipo yakatajwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Hiyo ni hatua, twaikubali. Lakini kila mwanachama na apige hesabu mwenyewe: shilingi 5,000 kwa siku 30 ni chini ya shilingi 170 kwa siku. Mtu anayepima presha na sukari na kuandika vifo vya kijiji kizima ni mfanya kazi, na kazi ina ujira. Kujitolea ni jambo jema likitoka moyoni mwa mwenye kutoa. Likiwa ni amri ya mwenye kuajiri, lina jina jingine.

Tena msaada usije ukachukua mahali pa haki. Wazee wetu wanakikumbuka kiwanda cha korosho cha Kilifi, kilichojengwa katika miaka ya 1970. Kilipokuwa kikifanya kazi, mkulima wa Tezo alikuwa na pahali pa kupeleka korosho zake, na binti yake alikuwa na kadi ya kazi. Kiwanda kilipoanguka katika miaka ya 1990 yalikuja mashirika mengi mema, yakatoa mbegu, yakachimba visima, yakasomesha watoto. Twayashukuru. Lakini hakuna kisima kinacholipa karo kila muhula kama alivyolipa mzazi mwenye mshahara. Kadhalika, tajiri anayetoa madawati kumi shuleni huku akiwapunja vibarua wake hajatoa kitu. Amerudisha kidogo katika kile alichochukua, na bado anataka apigwe picha.

Wala tusidhani kwamba vyama vya wafanya kazi viko nje ya habari hii. Mwaka 1956 marehemu Tom Mboya alikwenda Marekani, na vyama vya wafanya kazi vya huko vikatoa dola 35,000 za kujenga makao ya vyama mjini Nairobi. Ulikuwa msaada wa mfanya kazi kwa mfanya kazi, na nyumba ikasimama. Lakini nyumba haikuja peke yake. Yalikuja pia maneno. Wapinzani walisema vyama vya Kenya vimetiwa mfukoni mwa wageni, na swali la nani anafuata kambi gani ya dunia likawa moja ya mambo yaliyowagawa viongozi. Mwisho wake ni kwamba mwaka 1965 serikali ilivunja mashirikisho mawili yaliyokuwa yakishindana na kuunda COTU. Fundisho ni wazi. Hata msaada wa ndugu wapaswa kuandikwa hadharani: umetoka wapi, una masharti gani, na nani aliyekubali kwa niaba ya wanachama.

Basi kazi ya vyama vya wananchi imebadilika, nasi tubadilike nayo. Zamani kikundi kikisajiliwa kilikuwa na kazi mbili: kuandika barua ya kuomba, na kupanga foleni siku ya kugawa. Siku hizo zinakwisha. Tangu 2013 afya ni kazi ya kaunti, na Katiba ya 2010 yataka wananchi washirikishwe bajeti inapopangwa. Sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa 2013 na kukaa bila kutumika hadi tarehe 14 Mei 2024, sasa inafanya kazi. Milango hiyo ipo, lakini haina maana ikiwa mkutano wa bajeti unaitwa nasi hatwendi, au twaenda kwa ajili ya soda. Dawa zikikosekana kwenye zahanati, mtu wa kwanza kuulizwa asiwe mfadhili wa ng’ambo. Awe yule tuliyempa kura na kodi.

Na mfadhili ajaye, wa ndani au wa nje, tumpokee kwa heshima, kisha tumwulize maswali matatu. Nani hapa Tezo aliyeulizwa haja kabla ya mpango kuandikwa? Nani atakayeibeba kazi, na atalipwa nini? Mkiondoka, kitabaki nini mikononi mwa wenyeji, na kitahesabiwaje? Mfadhili mwema hatachukia. Anayechukia tumemjua mapema.

Lakini mwenye kuuliza naye huulizwa. Harambee ya miaka ya 1960 ilijenga shule kwa mawe, mchanga na nguvu za wenyewe. Baadaye katika sehemu nyingi ikageuka jukwaa la wakubwa kutajwa majina, na asiyekuwa na noti kubwa akaona haya kutoa shilingi yake. Tusifanye hivyo katika mfuko wetu wa rambirambi wala katika michezo yetu ya fedha. Daftari la mweka hazina liwe wazi kwa kila mwenye kadi. Aliyetoa shilingi 50 ana haki ya kuuliza sawasawa na aliyetoa 5,000. Tukishindwa kujibizana sisi kwa sisi, tutapata wapi uso wa kuwauliza watu wa kaunti au wa London?

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisi twaongeza kwamba hata cha ndugu kina faida, kikipokelewa na watu waliojipanga. Chandarua kilituonyesha yote mawili: kwamba fedha ya mbali yaweza kuokoa mtoto wa Tezo, na kwamba bila sauti ya wenyewe kazi njema yaweza kulegea mara mtoaji anapogeuka.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, twawaomba mambo mawili kabla ya mkutano ujao wa tawi. Kila mmoja azungumze na mhudumu wa afya wa kijiji chake, amwulize amelipwa miezi mingapi katika mwaka huu, na alete jibu. Tutayaandika yote na kuyapeleka kaunti kwa jina la chama. Tena kila mmoja aje na swali moja juu ya mfuko wetu wenyewe. Mweka hazina ameambiwa aje na daftari.

Umoja ni nguvu.