Kabla ya Kununua Kompresa, Kagua Tangi na Pima Upepo

Mwezi huu tuzungumze juu ya kompresa, yaani mashine ya kujaza upepo. Siku hizi pikipiki ni nyingi vijijini. Tena ziko baiskeli, matela na matrekta madogo ya mkono. Kwa hiyo watu wengi wanataka kufungua gereji ndogo nyumbani. Wengine hununua kompresa iliyokwisha tumika ili kuokoa fedha. Si vibaya. Lakini usitoe fedha kwa sababu tangi ni kubwa na rangi inang'aa. Fanya mambo haya matatu.

1. Jua kazi yako
Kwa matairi ya baiskeli na pikipiki, mashine yenye tangi la lita 50 inatosha. Tairi la lori huhitaji nguvu zaidi, hata paundi 100 na kupita. Kupiga rangi kwa upepo huhitaji upepo mwingi usiokatika. Mashine ndogo haiwezi kazi hiyo.

2. Kagua tangi
Hewa ina unyevu. Ikibanwa ndani ya tangi kisha ikapoa, unyevu hugeuka maji. Maji hukaa chini na kuleta kutu. Kutu hula chuma kutoka ndani, wala wewe huoni kwa nje. Siku moja tangi hupasuka kama bomu. Watu wamekufa kwa ajali za namna hiyo.

Lala chini utazame tumbo la tangi. Fungua koki ya chini. Maji mekundu yenye kutu ni dalili mbaya. Ukiona kutu iliyokula chuma, mbonyeo, au mahali palipochomelewa kiraka, usinunue. Usinunue pia tangi lililotengenezwa kwa pipa au mtungi wa gesi.

Tafuta valvu ya usalama. Kazi yake ni kutoa upepo unapozidi kipimo. Ikiwa haipo, au imezibwa kwa bolti, usikubali mashine iwashwe.

3. Pima pampu
Tangi halitengenezi upepo. Tangi ni ghala tu, na ghala kubwa si mavuno mengi. Anayelima ni pampu.

Ipime hivi. Toa upepo wote mpaka mshale wa geji usome 0. Funga koki. Washa mashine na utazame saa. Tangi la lita 50 likifika bar 8, yaani paundi 116 hivi, limeingiza upepo wa lita 400. Maana 50 mara 8 ni 400. Likijaa kwa dakika 4, pampu inatoa lita 100 kila dakika. Likijaa kwa dakika 10, inatoa lita 40 tu. Wateja watapanga foleni.

Sasa zima mashine, ungoje nusu saa. Mshale ukishuka sana, upepo unavuja. Kisha vuta kidogo pete ya valvu ya usalama. Upepo utoke kwa kelele. Ukiachia, valvu ijifunge.

Ukiisha nunua
Mashine ya petroli ifanye kazi nje. Moshi wake huua mtu ndani ya chumba. Kila jioni fungua koki ya chini, maji yatoke. Usimpulizie mtu upepo, hata kwa mzaha. Tangi likitoboka usilichomelee. Tafuta jingine.

Ndugu msomaji, wahenga walisema rahisi ni ghali. Muuzaji akikataa mashine yake isipimwe, rudi nyumbani na fedha zako.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini tuondoe maji ndani ya tangi kila jioni?
2. Valvu ya usalama ina kazi gani?
3. Tangi la lita 100 limefika bar 8 kwa dakika 8. Pampu inatoa lita ngapi kila dakika?