Soma Kwanza, Kisha Tia Sahihi



Mfanyakazi wa Kiirua hupokea karatasi nyingi kwa mwaka. Iko barua ya kuajiriwa, karatasi ya mshahara, fomu ya likizo, barua ya onyo, na notisi iliyobandikwa ubaoni. Wengi wetu huzikunja na kuzitia mfukoni. Nyingine huzitia sahihi au kidole gumba kwa sababu nyapara amesema, "Haraka, wengine wanangoja." Siku ya mzozo ikifika, karatasi ile ile ndiyo huletwa mezani, na mwenye sahihi hana la kusema.

Chama humtetea mtu huyo, na kitaendelea kumtetea. Lakini ni vigumu kumfungua mtu kamba aliyojifunga mwenyewe. Kwa hiyo leo twapenda kusema juu ya jambo lisilohitaji mgomo wala mkutano na mwajiri, nalo ni mfanyakazi kurekebisha desturi zake na kujizoeza kusoma kila siku.

Jambo hili si geni katika vyama vya Kenya. Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake alikuwa ameajiriwa. Masomo yake ya sekondari yalikatika kwa kukosa karo. Alifunzwa ukaguzi wa afya, na mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23, alichaguliwa kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na katika miaka hiyo ya kazi nyingi alikuwa akisoma uchumi kwa njia ya posta. Mwaka 1955 ndipo alipokwenda Chuo cha Ruskin, Oxford. Hakungoja kufika Oxford ndipo aanze kusoma.

Wako watakaosema kwamba umri wao umepita. Hao na wamkumbuke Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Alitaka kuisoma Biblia yeye mwenyewe na kuhesabu fedha zake bila ya kuhesabiwa na mwingine. Haja hiyo ya pili ndiyo haja yetu sisi sote kila mwisho wa mwezi.

Sasa tuseme juu ya wakati. Mtu anayetoka kwenye mashamba ya maua na mboga ya upande wa Timau hufika nyumbani amechoka, na baridi ya mlima imekwisha kushuka. Jioni yake ni fupi. Ikiwa nusu yake imekwenda baa, na nusu nyingine imekwenda katika kamari ya simu, hakuna itakayobaki. Hatusemi mtu asikae na wenzake. Twasema apige hesabu. Anayetia shilingi 50 katika kamari kila siku ya kazi, kwa siku 26, ametoa shilingi 1,300 kwa mwezi, yaani shilingi 15,600 kwa mwaka. Fedha hizo zingelipa deni la duka na kununua vitabu vya watoto. Tena mwenye deni dukani hutia sahihi upesi kuliko mwenzake, maana anaogopa kukosa kazi hata siku moja. Ndiyo sababu twasema kwamba desturi mbaya ya mtu mmoja hudhoofisha chama kizima.

Wanaume, hapa pana neno lenu. Mke anayefanya kazi katika banda la kufungia mboga hurudi jioni ile ile, naye huteka maji, hupika na kuosha watoto. Akikosa nusu saa ya kusoma si kwa uvivu wake. Mumewe ashike sufuria siku nyingine, ili dada yetu naye asome. Naye ni mwanachama, na ada yake hukatwa sawa na ya wengine.

Tusome nini? Tuanze na yale yanayotuhusu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ina vifungu vipatavyo 90. Kifungu kimoja kila jioni humaliza sheria yote katika miezi mitatu. Humo mtu atakuta kwamba mapatano ya kazi ya miezi mitatu au zaidi hutakiwa kuandikwa. Kwamba asiyejua kusoma, au asiyeijua lugha ya mapatano hayo, ni lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kwamba kuna siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo kamili. Atakuta pia kwamba kwa kawaida madai yaliyolala zaidi ya miaka mitatu hayapokelewi mahakamani. Wako wanaopoteza haki yao kwa kutojua jambo hili moja tu.

Baada ya sheria, kuna kibandiko cha mtungi wa dawa ya kunyunyizia mimea. Mstari mwekundu ni wa sumu kali kabisa, kisha hufuata njano, buluu na kijani. Maandishi yaliyo juu ya rangi hizo hueleza mavazi ya kuvaa na wakati wa kungoja kabla ya kurudi shambani. Kuyasoma ni kuulinda mwili.

Twajua kikwazo kilichopo. Sheria hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, nacho si Kiingereza cha sokoni. Kwa hiyo twashauri watu kumi wa mtaa mmoja washirikiane nakala moja. Wakutane mara moja kwa juma, aliyefika kidato cha nne awasomee na kuwafasiria wenzake kwa Kiswahili au Kimeru, na lisiloeleweka liandikwe na kuletwa kwa mjumbe wa chama kazini. Katiba ya mwaka 2010 imetolewa kwa Kiswahili pia; kifungu cha 41 kinazungumzia haki za wafanyakazi, na yafaa kila mwanachama akijue. Siku nyingine someni gazeti, hadithi au kitabu cha kilimo cha viazi. Mtoto wa shule naye amsomee mzazi wake. Wote wawili watafaidika.

Haba na haba hujaza kibaba. Nusu saa kwa siku, siku sita kwa juma, ni saa 156 kwa mwaka.

Twaomba kila mwanachama aanze juma hili na karatasi yake ya mshahara. Aisome mstari kwa mstari: siku alizofanya kazi, saa za ziada, makato ya NSSF, ada ya chama. Asipoelewa mstari mmoja, asione haya kuuliza. Na akiletewa karatasi mpya, aseme kwa adabu: "Nipe nafasi niisome kwanza."

Umoja ni nguvu.