Oksijeni Tendaji na Lugha ya Mkulima

Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakimudu sayansi ya seli. Dai hilo halina mashiko, na ushahidi umo katika mashamba ya mahindi ya Endebess, chini ya Mlima Elgon.

Kuvu ya kutu inapoanza kupenya jani la mhindi wenye ukinzani, vipokezi vya seli huitambua. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo: kalisi huingia ndani ya seli, na vimeng'enya hupashana ujumbe, kimoja kikikiamsha kingine, hadi uufikie utando wa seli. Hapo kimeng'enya maalumu huipachika oksijeni ya kawaida elektroni, ikawa supaoksaidi, kisha haidrojeni peroksaidi. Yote haya huanza katika dakika chache. Oksijeni hiyo huimarisha kuta za seli na kuchangia kuziua seli zilizovamiwa, ili kuvu ikose chakula. Kinachobaki ni kidoa kidogo kilichokauka, kisicho na unga wa kutu. Mkulima asiyeelezwa aweza kudhani shamba limeangamia, akanunua dawa asiyoihitaji. Kumbe jani limeshinda vita.

Uteuzi wa istilahi nao una uzito. Ikiitwa "oksijeni sumu", jina litapotosha, kwani oksijeni hiyo hiyo ni tarishi pia: huzitahadharisha seli jirani zijiandae. "Oksijeni tendaji" yafaa zaidi, kwa kuwa hubeba kazi zote mbili.

Hata hivyo, istilahi peke yake haitoshi. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Huko Kitale, uzalishaji wa mbegu bora za mahindi ulianza mwaka 1955, na chotara H611 ikatolewa mwaka 1964. Kamusi ipo na mbegu imemfikia mkulima; kinachokosekana ni maelezo ya kuunganisha hivyo viwili.

Wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kuketi na wenzao wa biolojia na kilimo, waandike maelezo hayo kwa sentensi zinazoeleweka, kisha wamsomee mkulima mwenyewe na kusahihisha pale anapokwama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi. Urasmi huo utabaki jina tupu iwapo lugha itaishia ofisini, nayo siri ya jani isimfikie aliyelipanda.