Mzazi Asiwe Mgeni Mlangoni mwa Chuo

Matokeo ya KCSE yakishatangazwa, nyumba zetu hujaa pongezi na dua. Furaha hiyo hufuatwa na kazi ambayo wengi wetu tumewaachia vijana peke yao, nayo ni kuchagua chuo. Kijana huenda saiba na mwenzake, hufungua tovuti ya KUCCPS, hujaza kozi, kisha hurejea siku moja na barua ya kuitwa. Hapo ndipo mzazi anapoulizwa neno la kwanza, nalo ni la karo.

Mwisho wa mtindo huu twaujua. Baba husikia ghafla kwamba bintiye ameitwa chuo cha Eldoret, mji asiomjua mtu. Hajaelezwa atalala wapi wala nani atamwangalia, basi hukataa. Nafasi hupita, na binti hubaki nyumbani akiwatazama wenzake wakienda. Hatusemi kuwa baba huyo haipendi elimu. Twasema aliitwa kulipa kabla ya kuitwa kushauriwa.

Kwa vyuo vinavyotafuta wanafunzi huku kwetu, twaomba visiishie kugawa vijikaratasi madarasani. Viwaite na wazazi, baba na mama, katika vikao vinavyoendeshwa kwa Kiswahili, saa zisizogongana na Sala. Viseme gharama yote hadi mwaka wa mwisho, si karo ya muhula wa kwanza tu. Viwalete wanafunzi waliotoka mitaa yetu, waeleze wenyewe malazi na maisha ya huko.

Nasi wazazi tusingoje kualikwa. Alama ya C+ hufungua mlango wa shahada, na C- mlango wa diploma. Aliyepata chini ya hapo angali na kozi za ufundi, wala si aibu. Tuulize kama kozi imeidhinishwa, na wahitimu wake hufanya kazi gani. Maombi ya ufadhili wa serikali huuliza kipato cha familia. Kijana atayajibuje bila ya sisi? Na mkopo wa HELB huambatana na riba ya asilimia 4, jambo zito katika nyumba ya Kiislamu. Yafaa lizungumzwe mapema, wanazuoni waulizwe, na njia nyingine zitafutwe: basari ya kaunti, zaka, au mchango wa ukoo. Likiachwa hadi wiki ya kuripoti, halina tena mashauriano.

Wala jambo hili si geni kwetu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiliasisiwa mwaka 1948 kikiwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, na miongoni mwa waliokichangia walikuwa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora. Wazee wale walijihusisha na chuo tangu kilipokuwa kiwanja kitupu. Sisi tumekikuta kimejengwa, na pamoja nacho Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi; lililobaki ni kuingia na kuuliza.

Uamuzi wa mwisho uwe wa kijana, kwani yeye ndiye atakayesoma. Lakini asiufanye peke yake, maana penye wazee haliharibiki neno. Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa. Amin.