Mkopo wa Siku 14 kwa Kitunguu cha Miezi Minne

Kitunguu cha Mang'ola hakina haraka. Tangu kusia mbegu kitaluni hadi magunia yapakiwe kwenye lori, mkulima wa bonde la Eyasi, wilayani Karatu, husubiri takriban miezi minne, na muda wote huo hulipa vibarua, mbolea na dawa kabla hajaona shilingi. Mjini Karatu na kuelekea lango la Lodoare, kipato hufuata watalii: hupanda kuanzia Juni, hushuka masika ya Aprili na Mei. Huko Ngorongoro, mfugaji hushika fedha siku ya mnada. Mkopo wa kwenye simu haujui lolote kati ya hayo. Mikopo mingi ya aina hiyo hudai marejesho ndani ya wiki moja, mbili au mwezi mmoja, awe mkopaji ni mwalimu mwenye mshahara au mkulima ambaye miche yake ndiyo kwanza imehamishiwa shambani. Ndani ya kampuni inayokopesha kuna mtu aliyepaswa kuliona jambo hili kabla bidhaa haijaingia sokoni. Katika mashirika mengi ya fedha huyo ndiye mkuu wa uzingatiaji, yaani kiongozi mwenye wajibu wa kuhakikisha sheria na haki za mteja zinafuatwa. Hoja yangu ni kwamba usalama wa mteja wa Karatu unategemea mamlaka ya mtu huyu kuliko unavyotegemea sheria mpya.

Sheria zenyewe tunazo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne, na wakopeshaji wa kidijitali wakaangukia daraja la pili, la wasiopokea amana. Mwaka 2019 zikaja kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Agosti 2024 Benki Kuu ikatoa mwongozo mahususi kwa wakopeshaji wa kidijitali. Pamoja na hayo yote, Novemba 2024 Benki Kuu ililazimika kuutangazia umma orodha ya programu tumizi 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Tangazo lile lilikuwa la lazima, lakini programu hubadilishwa jina ikarudi sokoni kwa rangi nyingine, na mkopaji hana njia ya kujua kwamba ni mkopeshaji yule yule. Wakulima wa Mang'ola wanaufahamu udhaifu wa katazo la kutoka mbali: lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imepigwa marufuku miaka nenda rudi, na bado magunia yenye vilemba yanapakiwa, kwa sababu penye mzigo hakuna mwenye nguvu ya kumwambia mnunuzi hapana.

Kesi moja ya Kenya inaonyesha wapi hapana hiyo ingetakiwa kusemwa. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa nchi hiyo aliitoza Mulla Pride, kampuni iliyoendesha programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya. Ilitumia majina na namba za watu ilizozipata kwa wengine, ikawatumia ujumbe na simu za vitisho. Tabia hiyo haikuzuka kwa bahati mbaya kwenye dawati la kudai madeni. Kuna mtu alibuni jinsi ya kupata namba hizo, kuna mwingine aliidhinisha zitumike, na kuna mkutano ambao suala hilo ama lilipita bila kuulizwa au muulizaji alinyamazishwa. Mdhibiti alifika wakati shemeji na bosi wa mkopaji wameshapigiwa simu. Faini haimrudishii mtu heshima yake mtaani.

Cheo peke yake hakitoshi, na mfano mzuri unatoka kwenye biashara ya kutuma fedha. Thomas Haider alikuwa mkuu wa uzingatiaji wa MoneyGram, kampuni ya Marekani inayofanya kazi kupitia mawakala. Kwa miaka kadhaa baadhi ya mawakala hao walihusishwa na matapeli waliowaibia wateja, na hawakufungiwa. Mwaka 2014 mamlaka ya Marekani ya kupambana na uhalifu wa fedha ilimtoza yeye binafsi dola milioni 1. Mwaka 2017 kesi iliisha kwa dola 250,000 na kuzuiwa kufanya kazi hiyo kwa miaka 3. Wapo waliosema ameonewa. Mimi naona somo lake liko kwingine: yeyote anayeweza kuadhibiwa kwa kutomfungia wakala lazima awe na uwezo wa kumfungia bila kuomba ruhusa kwa mkuu wa mauzo, ambaye bonasi yake inatokana na wingi wa mawakala hao hao. Karatu, wakala ndiye sura ya kampuni. Usajili wa laini kwa alama za vidole, uliofikia ukomo Januari 2020, haukuwamaliza matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii". Laini iliyotumika kutapeli ikiachwa hewani wiki nzima kwa sababu ina miamala mingi, kampuni imeshachagua upande.

Watasema gharama. Kampuni changa yenye wafanyakazi kumi haiwezi kuajiri mwanasheria wa mshahara mnene, na hilo ni kweli. Mdhibiti anaweza kuziruhusu kampuni ndogo zianze na mtu mmoja asiye na idara, ilimradi asiwe mwenye hisa wala mkuu wa mauzo. Lakini uzembe nao una bei, na mara nyingi anailipa asiyehusika. Tanzania ilikaa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa dhidi ya utakasishaji wa fedha haramu, kuanzia Oktoba 2022 hadi Juni 2025. Nchi ikiwa humo, benki za nje huwa macho zaidi na miamala yake, ikiwemo malipo halali ya kampuni ya utalii inayopokea wageni kutoka Ulaya. Wengine watasema udhibiti wa ndani ni mtindo wa kigeni. Hao hawajakaa kwenye kikao cha VICOBA, vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa, ambapo sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu tofauti, na mwenyekiti hawezi kulifungua peke yake hata kama fedha nyingi humo ni zake.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: ukiibana kampuni, mkulima ataishia kwa mkopeshaji wa kausha damu wa mtaani, au atauza kitunguu kikiwa bado ardhini. Hofu hiyo ni ya kweli, na kiongozi wa uzingatiaji asiyeijali hafai. Ila tufanye hesabu. Tuchukue mkopo wa siku 14 wenye ada ya asilimia 10. Kuubeba kwa miezi minne, mkulima atauhuisha takriban mara 8, na ada pekee, pamoja na ile ya kwanza, itafika asilimia 90 ya alichokopa. Kwa ukomo wa riba ambao Benki Kuu imekuwa ikiusisitiza kwa daraja la pili, asilimia 3.5 kwa mwezi, miezi hiyo minne ni asilimia 14. Kwa hiyo hapana inayohitajika si ya kukopesha, ni ya kumpa mkulima mkopo ambao kampuni inajua hawezi kuulipa kwa wakati. Kampuni itajibu kwamba fedha zake nayo imezikopa kwa muda mfupi. Basi iseme hivyo waziwazi, na isiutangaze mkopo huo Mang'ola kama mkopo wa kilimo.

Tawi la Benki Kuu la Arusha liko takriban kilomita 140 kutoka Karatu, na wakaguzi wake hawawezi kuwa kwenye kila kibanda. Wanachoweza ni kudai, kabla ya kutoa leseni, kwamba mkuu wa uzingatiaji aripoti kwa bodi badala ya mkurugenzi mtendaji. Kwamba akifukuzwa, kampuni ieleze sababu kwa maandishi. Na kwamba ionyeshe bidhaa alizowahi kuzizuia. Malalamiko nayo yaorodheshwe kwa wilaya. Ngorongoro isipoonekana kabisa kwenye orodha hiyo, bodi isishangilie. Iulize kwanza kama namba ya malalamiko inapokewa na mtu anayeweza kuelewana na mteja wa Endulen, huko huko Ngorongoro, asiyejua kusoma ujumbe wa simu.