Sare si stakabadhi

Januari 1854, balozi wa Marekani jijini London, James Buchanan, hakuhudhuria ufunguzi wa Bunge la Uingereza. Hakuwa mgonjwa. Tatizo lilikuwa nguo.

Karne ya 19, ofisa wa serikali wa Uingereza alikwenda kwenye sherehe za kifalme na koti la bluu iliyoiva lenye nakshi za nyuzi za dhahabu, kofia ya ncha mbili na upanga kiunoni. Upana wa nakshi ndio uliosema nani mkubwa kuliko nani. Huko Ufaransa, tangu 1800, wakuu wa mikoa walipambwa kwa nyuzi za fedha. Desturi hiyo ilifika hadi huku kwetu: magavana wa kikoloni walivaa sare nyeupe na kofia ngumu yenye manyoya ya ndege.

Lakini mwaka 1853, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, William Marcy, aliwahimiza mabalozi wake wavae nguo za kawaida za raia. Ndipo Buchanan akakwama. Baadaye alikwenda mbele ya Malkia Victoria na suti nyeusi isiyo na mapambo, akiongeza upanga tu ili asidhaniwe mtumishi wa jumba. Alipokewa vizuri, na kazi yake haikuharibika. Mwaka 1857 akawa Rais wa nchi yake.

Nimeikumbuka habari hii kwa sababu ya mama mmoja muuza dagaa niliyemkuta kwenye mpaka mmoja wetu. Alikuwa ametoka kulipa "ushuru". Nikamuuliza, "Mama, stakabadhi iko wapi?" Akanijibu, "Mwanangu, si amevaa sare?"

Sipingi sare. Mpakani penye msongamano, lazima ujue nani wa kumuuliza. Lakini sare hukuonyesha ofisa tu. Haikuambii unadaiwa kiasi gani. Kiasi kimo kwenye sheria, na ushahidi wa malipo umo kwenye stakabadhi.

Wengi wetu bado hatujui kwamba, chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Afrika Mashariki, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, uliozalishwa ndani ya Jumuiya na uliomo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti cha uasili palepale mpakani na hautozwi ushuru wa forodha. Tozo nyingine zinaweza kuwepo, na kila moja ina haki ya kuulizwa: ni ya nini, na risiti iko wapi?

Serikali zetu zibandike viwango hivyo kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kwenye kila lango. Nasi tujizoeze kuuliza kwa adabu kabla ya kufungua pochi. Ofisa mwaminifu hataona kuwa amevunjiwa heshima. Atakayekasirika, huyo ndiye tulipaswa kumuuliza tangu zamani.