Sokwe Yule Hacheki

Picha ile bila shaka umeshaipata kwenye simu yako. Sokwe kavalishwa suti na tai, kakaa kwenye kiti kama bosi, meno yote nje. Chini yake mtu kaandika, "Mshahara umeingia!" Inazunguka kwenye makundi ya kazini, ya familia na ya kamati za harusi, na kila mwezi inarudi na maneno mapya. Februari ikifika eti sokwe kapata mchumba.

Sasa sikia, msomaji wangu. Sokwe akifurahi hafanyi hivyo. Akiwa anacheza na mwenzake, akitekenywa, huachia mdomo wazi na kulegeza taya, na mdomo wa juu unafunika meno ya juu. Ndicho kicheko chake, na hata sauti anatoa, ya kuhema hema. Lakini akivuta midomo nyuma na kutoa meno yote, ya juu na ya chini, kwa kawaida huyo ana woga. Wanaotengeneza matangazo na filamu wanajua hilo siku nyingi. Wanamfundisha sokwe aoneshe meno kwa amri, kamera inapiga, sisi tunacheka.

Na hao wa kwenye matangazo karibu wote ni watoto. Mtoto wa sokwe hunyonya miaka minne mpaka mitano, muda mwingi yuko mwilini mwa mama yake. Ukitaka kumchukua msituni akiwa na umri huo, mama hakupi kwa hiari. Anauawa kwanza, na mara nyingi ndugu waliokuja kumtetea wanauawa naye. Aliyezaliwa kifungoni naye hutolewa kwa mama mapema ili amzoee mkufunzi. Akishabalehe ana nguvu za kumshinda mwanaume mzima, hashikiki tena, na kazi ya matangazo imekwisha. Sokwe anaweza kuishi miaka 50. Fanya hesabu mwenyewe ya miaka inayobaki ndani ya kizimba baada ya miaka mitano sita ya kuvaa suti.

Utaniuliza, mada hii inatafuta nini kwenye kurasa za mapenzi? Jibu ni kwamba mnaowindwa na biashara hii ni ninyi, wachumba na wanandoa vijana. Fungate, bethidei, kumbukumbu ya ndoa, kila mahali kuna mnyama ameandaliwa mpige naye picha. Kuna bibi harusi mtarajiwa aliniomba ushauri wakiwa wanapanga fungate ya Dubai. Kwenye orodha yao, baada ya Burj Khalifa na safari ya jangwani, kulikuwa na kuogelea na pomboo bwawani. Nikamuuliza kwa nini. "Dada, wale wanapenda watu. Si unaona wanavyotabasamu?"

Tabasamu la pomboo ni umbo la taya lake. Hana misuli ya kuubadilisha uso kama wewe na mimi, kwa hiyo akiwa na raha anatabasamu, akiumwa anatabasamu, na akifa utamkuta anatabasamu. Huyu ni mnyama ambaye baharini anasafiri kilomita nyingi kwa siku akiwa na kundi lake, anapiga sauti na kusikiliza mwangwi wake ili ajue mbele kuna nini. Bwawani, mbele kuna ukuta, na kushoto kuna ukuta. India ilitangaza mwaka 2013 kwamba haitaruhusu mabwawa ya maonesho ya pomboo. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2021 ya kukomesha maonesho ya pomboo na wanyama pori kwenye sarakasi. Kwa hiyo hii si hisia ya wadada wa mjini wasio na kazi.

Nilimwambia yule bibi harusi kitu ambacho nimekiandika humu mara kibao kuhusu watu. Mwanamke anaweza kucheka mezani kila wageni wakija, akapika, akapiga picha amemkumbatia mume wake, na ukadhani hapo kuna ndoa. Ukitaka kujua, usiangalie meno. Angalia kama mlango unafunguka kwa ndani. Angeweza kuondoka, angebaki? Swali hilo hilo muulizie mnyama. Kizimkazi kule Unguja pomboo wapo, na ni wa porini kabisa. Kuna siku maboti yanawazonga vibaya mno, na hilo nalo linahitaji kukemewa. Lakini pomboo wa Kizimkazi akichoka anazama, anaondoka zake, na nahodha anawarudisha pwani mikono mitupu. Wa bwawani hana pa kuzamia.

Niwape kisa kimoja cha jirani zetu. Bujumbura, kwenye kituo cha mafuta, kulikuwa na kizimba kilichoning'inizwa juu, na ndani yake sokwe dume aliyeitwa Poco. Kazi yake ilikuwa kuvutia wateja. Alikaa humo miaka tisa. Kizimba kilikuwa kidogo mno, hakuweza kutembea kwa mikono na miguu kama sokwe wengine, basi akawa anasimama tu. Vita vilipoanza Burundi, sokwe waliokuwa wameokolewa kule walihamishiwa Kenya, kwenye makazi ya Sweetwaters ndani ya Ol Pejeta, karibu na Nanyuki. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1993 kwa makubaliano ya Ol Pejeta, KWS na Taasisi ya Jane Goodall. Poco naye akafika huko, akapata miti, nyasi na wenzake, na bado akawa anatembea wima kama mtu. Watalii wakampenda kwa hilo! Anatembea kama sisi, jamani, ona!

Sweetwaters nayo ina uzio wa umeme, sitaki kuwadanganya. Kenya haina sokwe wa porini, na mtu mzima aliyelelewa kwenye kizimba huwezi kumtupa msituni ukasema yuko huru. Kwa hiyo bado ni kifungo. Tofauti ni kwamba pale wanadamu ndio wanaomtumikia sokwe, na asipotaka kuonekana anaingia vichakani, mgeni mwenye tiketi yake atasubiri.

Hapo nimezungumzia burudani, na kwenye burudani kusema ni rahisi. Kwenye utafiti ndiko kunakoniumiza kichwa.

Julai 1960 Jane Goodall, binti wa miaka 26, alishuka Gombe, Kigoma, akiwa na mama yake. Miezi ya mwanzo sokwe walikuwa wakimwona wanakimbia. Akawa anakaa kilimani na darubini, anasubiri. Novemba mwaka huo akamwona dume mmoja, aliyempa jina la David Greybeard, akichomeka majani kwenye kichuguu na kutoa mchwa wa kula. Wakati huo wengi walikuwa wanaamini ni binadamu tu anayetengeneza na kutumia zana. Mama Goodall alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu sokwe ilianzia pale kilimani, kwa kuwaacha waende watakako.

Wakati yeye anasubiri Gombe, Marekani kulikuwa na sokwe mwingine akifundishwa kazi. Alizaliwa Cameroon, akanaswa, akanunuliwa na jeshi la anga. Alikuwa anaitwa kwa namba, 65. Taa ya buluu ikiwaka alitakiwa kuvuta kishikio; akifanya sawa anapewa chakula chenye ladha ya ndizi, akikosea anapigwa shoti ya umeme kwenye nyayo. Januari 31, 1961 walimfunga kwenye kiti, wakamrusha na roketi kutoka Florida. Dakika 16 juu na chini, akatua Atlantiki, akatolewa hai, akapewa tufaha. Ndipo akapewa na jina, Ham. Katika picha anaonekana ametoa meno, na watu walisema anacheka kwa furaha ya kurudi. Baadaye wapiga picha walitaka arudi kwenye kile kiti wampige tena. Wanaume kadhaa walimshika, wakashindwa. Mwaka 1963 akapelekwa bustani ya wanyama ya Washington na kukaa huko miaka 17 peke yake, hadi alipohamishiwa North Carolina kwa wenzake mwaka 1980. Januari 1983 akafa.

Unaweza kusema roketi ni mambo ya wakubwa kushindana, hayakuhusu. Haya, turudi nyumbani. Kama una mtoto mdogo, chukua kadi yake ya kliniki. Ile chanjo ya tano kwa moja aliyodungwa pajani mara tatu, ukalia wewe kuliko yeye, ndani yake kuna kinga ya homa ya ini aina ya B. Ugonjwa huo unaua watu wazima kimya kimya, ini linaharibika, wengine wanaishia kwenye saratani. Kinga yake ilipitia kwa sokwe. Walikuwa ndio wanyama wanaoambukizwa virusi vile kama sisi, basi wakatumika kujaribia.

Kituo kimoja kilikuwa Liberia. Kituo cha damu cha New York, New York Blood Center, kilianzisha maabara kule mwaka 1974. Sokwe waliambukizwa, wakatolewa damu, wakakatwa vipande vya ini, mwaka baada ya mwaka. Kazi ilipokwisha, katika miaka ya 2000, waliwekwa kwenye visiwa vidogo mtoni. Sokwe haogelei, kwa hiyo maji ndiyo ukuta. Visiwani hakuna chakula cha kuwatosha wala maji safi ya kunywa, lazima wapelekewe kwa boti. Machi 2015 kituo kikakata pesa. Sokwe walikuwa zaidi ya 60. Liberia ilikuwa bado haijamaliza kuzika watu wa Ebola. Walioendelea kupanda boti na ndoo za chakula ni wafanyakazi wa pale pale, Waliberia, na hawakuwa na uhakika nani atawalipa. Mashirika ya kutetea wanyama yakaingia kusaidia, kelele zikapigwa, na mwaka 2017 kituo kikakubali kutoa dola milioni 6 kwa ajili ya matunzo yao.

Mimi siwezi kusema chanjo ile isingetengenezwa. Nitamtazamaje machoni mama aliyezika mume kwa ini? Na siwezi kusema kwamba deni halipo, kwa sababu lipo, na liko kwenye paja la mtoto wako. Kinachonichefua ni ile 2015. Ukimtumia mtu mpaka akaisha, halafu ukaacha kupokea simu zake, kurasa hizi zina jina la mtu kama wewe na haliandikiki mbele ya wazazi. Marekani yenyewe ilishafika mahali. Taasisi yake ya taifa ya afya, NIH, ilitangaza mwaka 2013 kuwastaafisha sokwe wake wengi wa utafiti, na 2015 ikasema hata waliobaki wastaafu. Sayansi haikusimama. Nyani na tumbili wadogo bado wanatumika, wakiwemo waliojaribiwa chanjo za korona mwaka 2020, kwa hiyo mjadala haujaisha hata kidogo.

Na sisi Tanzania tusijifanye watazamaji. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya 100 walipandishwa ndege uwanja wa Kilimanjaro, wakapelekwa Qatar, wakiwemo twiga wanne. Twiga! Tulicheka sana na ile habari, twiga alipitaje mlangoni, alifungaje mkanda. Utani ulidumu kuliko hasira. Sikusikia wengi wakiuliza yule twiga anaishije huko alikopelekwa.

Kuna hoja moja ya upande wa pili naiheshimu. Mzee mmoja wa Mbagala aliwahi kuniambia kwamba wajukuu wake hawatafika Serengeti, nauli tu ni kodi ya miezi, basi wakimwona simba kwenye kizimba siku ya maonesho angalau wamemwona. Sina jibu la haraka. Naona tu kwamba mtoto aliyemwona simba amelala kwenye sakafu ya saruji kaona ngozi ya simba, na kwamba nauli ya wajukuu wa Mbagala ni jambo la kudaiwa kwa wenye mabasi na wenye hifadhi. Huwezi kulidai kwa simba.

Wale maharusi, mkitaka kujua, waliacha pomboo wakaenda kula tu. Wengine wanaouliza wapi kwa kwenda nawapa jina moja: Rubondo, kisiwa kilicho kona ya kusini-magharibi ya Ziwa Victoria. Kati ya 1966 na 1969 Bernhard Grzimek, yule Mjerumani wa Serengeti, alileta huko sokwe 17 kutoka Ulaya. Walikuwa wamenaswa Afrika Magharibi wakiwa wadogo na kuuzwa kwenye bustani za wanyama na sarakasi. Wengine walikuwa wamekaa kizimbani miaka kadhaa. Hawakufundishwa chochote. Vizimba vilifunguliwa, wakaingia msituni. Haikuwa hadithi tamu moja kwa moja, maana baadhi yao, waliozoea watu na kuwachukia, walishambulia wanadamu, na madume wawili wakapigwa risasi. Waliobaki walijifunza wenyewe matunda ya kula na namna ya kujenga viota juu ya miti, wakazaana.

Kisiwa kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Mnavuka kwa boti, kutoka Kasenda au Nkome, mnalala, asubuhi mnaingia msituni na askari wa hifadhi. Wajukuu wa wale wa sarakasi wapo humo. Mnaweza kutembea toka asubuhi hadi jioni, mkasikia kelele zao kwa mbali, mkaoneshwa viota vya jana, na msimwone hata mmoja. Hela hairudishwi.